Ile Ada ya Huduma Kwenye Bili Huishia kwa Nani?

Mwisho wa mwezi uliopita tulikuwa watu wanne kwenye mkahawa mmoja upande wa Ngong Road. Bili ilipokuja ilikuwa shilingi 3,840. Weita alikuwa ametuhudumia vizuri sana, hata alipoona mmoja wetu amemwaga chai hakukunja uso. Mimi ndiye nilikuwa nalipa, wengine wanitumie baadaye. Nikaingiza namba ya till, nikaandika 4,000, nikamwambia, "Hiyo inabaki ni yako, dadangu."

Akasema asante. Tulipokuwa tunatoka nikamuuliza kama hiyo 160 ataipata leo au mwisho wa wiki. Akaangalia kaunta kwanza, kisha akajibu kwa sauti ya chini: "Ya till huwa haifiki kwetu."

Kazi yangu ni kueleza watu jinsi ya kulipa kwa simu, na bado pesa niliyodhani nimempa mtu ilienda kwingine. Kama mimi nimekosea, bila shaka kuna wengi. Kwa hivyo somo la leo ni la bakshishi, au tipu kama tunavyosema mtaani. Tutaanza na bili ya hapa Nairobi, twende mpaka kwenye meli za kitalii ambako ada hii ni jambo kubwa, kisha turudi kwenye simu yako.

Mambo matatu tunayoyachanganya

Tuchukue ile bili ya 3,840. Nilipoisoma vizuri nyumbani, ilikuwa imegawanyika hivi:

Chakula na vinywaji: 3,000
"Service charge" asilimia 10: 300
VAT asilimia 16: 480
Ushuru wa utalii asilimia 2: 60

Ukiangalia haraka unaona 840 imeongezwa juu ya chakula, na ni rahisi kusema, "Hawa wameshajilipa, sitoi tena kitu." Lakini hizo si pesa za mtu mmoja. Ile 480 ni ya KRA. Ile 60 ni ya Hazina ya Utalii, yaani Tourism Fund. Mhudumu hana sehemu hapo hata akuhudumie kwa magoti. Inayoweza kumhusu ni ile 300 peke yake.

Na hiyo 300 inaitwa ada ya huduma. Inawekwa na biashara yenyewe, si serikali. Sheria yetu ya VAT inaitambua ada hii inapotozwa badala ya bakshishi: haihesabiwi kwenye VAT kama inagawiwa wafanyakazi moja kwa moja kwa makubaliano ya maandishi, na kama haizidi asilimia 10 ya bei. Ndiyo maana kwenye bili yangu VAT imepigwa kwa 3,000, si kwa 3,300. Kumbe swali la kuuliza ni rahisi: "Hii ada ya huduma mnagawana wafanyakazi?" Meneja anayeigawa hatachukia swali hilo.

Jambo la tatu ni bakshishi yenyewe. Hii ni hiari yako. Hakuna sheria Kenya inayokulazimisha kuitoa, na hakuna kiwango kilichoandikwa popote. Mahali ambapo hakuna ada ya huduma, wengi huacha kama asilimia 10 wakiridhika. Kwenye kibanda cha chapo na madondo hakuna anayekungoja utoe. Ukienda Dagoretti Market kula nyama, yule anayekukatia ubaoni ukimwachia hamsini au mia, ni asante yako tu.

Melini mambo ni tofauti

Huenda unajiuliza meli za kitalii zinatuhusu nini sisi wa Mutuini, mahali ambapo maji mengi tunayoona ni ya mvua ya Aprili. Zinatuhusu kwa njia mbili. Kwanza, meli hizi hufika kwetu. Januari 2023, meli ya Norwegian Dawn ilitia nanga Mombasa ikiwa na abiria zaidi ya 2,000. Pili, vijana wetu wanafanya kazi humo ndani, na mshahara wao unatumwa nyumbani mpaka unaingia kwenye simu za mama zao.

Kwenye meli nyingi kubwa, abiria halipi kwa pesa taslimu. Anapewa kadi iliyounganishwa na akaunti yake, na kila anachonunua kinaandikwa humo. Kila siku, bila yeye kubonyeza chochote, akaunti inaongezwa bakshishi. Kwenye kampuni nyingi zinazohudumia Wamarekani, kiwango ni kati ya dola 16 na 20 hivi kwa kila mtu kwa siku, na wanaolala vyumba vya kifahari hulipa zaidi.

Tupige hesabu. Watu wawili, siku 7, dola 18 kila mmoja: 2 mara 7 mara 18 ni dola 252. Kwa kiwango cha shilingi 130 kwa dola, hiyo ni shilingi 32,760. Na haijaisha. Vinywaji vya baa mara nyingi huongezwa asilimia yake, kwa mfano 18, ili kinywaji cha dola 10 kilipwe dola 11 na senti 80. Ndiyo maana mtu anaweza kununua tiketi ya bei nafuu, kisha siku ya mwisho akaona bili na kushtuka.

Pesa hizo huenda wapi? Kwa kawaida huwekwa kwenye chungu kimoja, halafu hugawiwa wahudumu wa vyumba, weita, wasaidizi wao, na mara nyingine wafanyakazi wa jikoni na dobi ambao abiria hawaoni kabisa. Kuna kampuni ambazo bakshishi hii huhesabiwa ndani ya malipo yenyewe ya mfanyakazi. Meli nyingi zimesajiliwa nchi kama Bahamas na Panama, kwa hivyo sheria za mishahara za nchi ambako abiria wanatoka hazifuati meli baharini. Kwa mhudumu wa chumba, bakshishi inaweza kuwa sehemu kubwa ya pesa anayotegemea.

Sasa sikiliza hii. Kampuni nyingi humruhusu abiria kwenda kwenye dawati la huduma na kuomba ada hiyo ipunguzwe au iondolewe. Wengine huiondoa kwa sababu chakula hakikuwapendeza. Wengine husema, "Nitampa mwenyewe mkononi," halafu siku ya kushuka kuna haraka, masanduku, foleni, na mkono hautoki mfukoni.

Mama mmoja jirani yangu hapa Mutuini ana mwana anayesafisha vyumba melini. Kuna mwezi alituma pesa kidogo kuliko kawaida, na ilikuwa mwezi wa karo ya dada yake. Mama akadhani kijana ameanza starehe. Alipompigia simu wakakosana kidogo, mpaka kijana akaeleza: safari ile abiria wengi waliondoa bakshishi, na chungu kilikuwa kidogo. Mama alikuja kwangu na simu mkononi akaniuliza, "Sasa huyo mgeni alikuwa na ubaya gani na mtoto wangu?"

Nilimwambia labda hakuwa na ubaya wowote. Aliona mstari kwenye bili, hakujua ni wa nani, akaufuta. Nikakumbuka ile 160 yangu. Yule mgeni alikatalia mtu pesa bila kujua, mimi nilidhani nimempa na sikumpa. Kosa letu ni moja: hatukuuliza pesa inaishia wapi.

Jambo lingine la kujua, hasa kama wewe ni dereva au mwongoza watalii: ada ya melini haimfikii mtu wa nchi kavu. Mgeni akishuka Mombasa akapelekwa Tsavo, yule dereva anayeamka saa tisa usiku hayumo kwenye chungu hicho. Mgeni akikwambia "nimeshalipa tipu melini", anasema kweli, ila si yako. Mweleze kwa upole mapema, kabla ya safari kuisha.

Jinsi ya kumpa mtu bakshishi kwa simu ikamfikia

1. Lipa bili peke yake kwenye till. Namba ya till ni akaunti ya biashara. Ukiongeza pesa juu ya bili, inaingia kwenye mauzo, na mhudumu anategemea moyo wa mwenye duka. Kama huna njia nyingine, muulize keshia kama wana utaratibu wa kutoa bakshishi iliyolipwa kwa till. Akianza kutafuta maneno, jibu umeshapata.

2. Bakshishi mtumie mhudumu mwenyewe. Muulize kama ana pochi ya biashara au namba anayopenda kupokelea. Wahudumu, wanabodaboda na mafundi wengi siku hizi wanayo pochi, na inawasaidia kutenganisha pesa ya kazi na ya nyumbani. Usimlazimishe kukupa namba yake binafsi. Hasa kwa wasichana wanaohudumu mezani, namba ikishatoka imetoka, na kuna wateja wanaotumia bakshishi ya mia moja kama tiketi ya kupiga simu usiku. Usiwe mmoja wao.

3. Soma jina kabla ya kukamilisha. Kelele za mkahawa hufanya 0 iwe 9. Jina likitokea kwenye skrini, muulize, "Ni wewe?" Ukikosea na ni M-Pesa, sambaza ujumbe wa muamala kwenda 456 mara moja, kabla aliyepokea hajaitumia.

4. Jua makato. Kwenye M-Pesa, kutuma mpaka shilingi 100 ni bure. Kuanzia 101 mpaka 500 unakatwa shilingi 7. Kwa hivyo kama mko wanne na kila mmoja anataka kutoa mia, kila mtu atume yake bila makato, au mmoja atume 400 na makato ya 7. Yote ni sawa, mradi mjue.

5. Pesa taslimu haijafa. Noti ya mia mkononi haina jina wala namba, na inafika papo hapo. Sisi tunauza malipo ya simu na bado tunakwambia hivyo.

Kama wewe ndiye unataka kwenda kuhudumia

Kila mara kunapotangazwa kazi za meli, matapeli nao huamka. Unatumiwa ujumbe kwamba umepita mahojiano, kinachobaki ni kutuma "ada ya usajili" kwa namba fulani. Shika haya.

Kenya iliridhia Mkataba wa Kimataifa wa Kazi za Baharini wa 2006 mwaka wa 2014. Chini ya mkataba huo, baharia hatozwi ada ya kutafutiwa kazi. Gharama unazoweza kubeba ni za cheti cha afya, kitabu cha baharia na pasipoti. Hata viza ni gharama ya mwenye meli. Wakala anayekuombea pesa ya kukupa nafasi anavunja kanuni hiyo, na wakala yeyote wa mabaharia lazima awe na leseni ya Mamlaka ya Bahari ya Kenya, KMA. Uliza huko kabla hujatuma hata shilingi.

Ukipewa mkataba, usiangalie tu ile jumla iliyoandikwa kwa herufi nzito. Uliza: mshahara wa msingi ni kiasi gani, na bakshishi ni kiasi gani? Hiyo bakshishi imehakikishwa au inategemea wageni? Abiria wakiiondoa, mimi ninapata nini? Mkataba huohuo wa kimataifa unasema baharia apewe hesabu ya malipo yake kila mwezi, kwa hivyo idai na uihifadhi.

Halafu waeleze watu wa nyumbani. Mwambie mama kwamba kiasi hiki ni cha uhakika na kiasi hiki hupanda na kushuka. Karo ipangwe kwa kile cha uhakika. Jirani yangu na mwanawe sasa wamekubaliana hivyo: mshahara wa msingi ndio wa karo na kodi, bakshishi ndiyo ya mabati ya nyumba. Mwezi mbaya ukija, mabati yanangoja, mtoto anaendelea na shule.

Maswali manne ya kubeba

Kabla hujaingiza PIN wakati mwingine, jiulize: Je, kwenye bili hii kodi ni gani na ada ya huduma ni gani? Ada hiyo inagawiwa wafanyakazi? Nikiongeza kitu, namba ninayoilipa ni ya biashara au ya aliyenihudumia? Na jina nililoliona kwenye skrini ni lake?

Mimi nilirudi pale Ngong Road wiki iliyofuata. Nililipa bili kamili kwenye till, kisha nikamuuliza yule dada kama ana pochi. Anayo. Nikamtumia ile 160 yake, na simu yake ikalia tukiwa bado tumesimama hapo.