Somo: Tumbo Kubwa na Fizi Zinazotoka Damu

Wandugu wakulima, leo tufundishane juu ya mambo mawili ambayo watu wengi huyachanganya: kunenepa tumbo na kula vema.

Baba mukubwa wangu alifanya kazi ya mugodi. Aliporudi mugini, tumbo lake lilitokeza mbele ya mukaba. Watu wakamusifu: «Tazameni, huyu anakula vizuri!» Lakini fizi zake zilitoka damu, miguu ilimuuma, na kidonda chake kidogo hakikupona. Kiisha wengine wakasema amelogwa. Tukamupeleka hospitali. Muganga akamuuliza: «Unakula nini kila siku?» Akajibu: «Bukari, samaki kavu, mukate, chai ya sukari, na pombe.» Hakutaja mboga wala tunda hata moja.

Ugonjwa wake ulikuwa kiseyeye. Alipewa vidonge vya vitamini C, akaambiwa ale machungwa na mapera. Baada ya majuma machache fizi zikapona. Siku moja akaniuliza: «Mutoto wangu, machungwa yameponya kinywa, mbona tumbo liko palepale?» Jibu lake ndilo somo letu.

1. Kazi ya vitamini C

Vitamini C husaidia mwili kutengeneza nyuzi zinazoshika nyama, ngozi na mishipa ya damu, kama kamba zinavyoshika miti ya nyumba. Ikikosekana muda wa mwezi mumoja mpaka mitatu, kamba hizo zinalegea: fizi zinavimba na kutoka damu, vidonda havifungi. Mwili wetu hauwezi kuitengeneza wenyewe. Lazima itoke katika chakula.

Watu walijua namna gani? Mwaka 1747 muganga James Lind wa Uingereza alikuwa na mabaharia 12 wagonjwa wa kiseyeye. Akawagawa wawili wawili, kila wawili akawapa dawa yao. Wale wawili waliopewa machungwa na malimau walipona upesi kupita wengine.

Mutu muzima anahitaji karibu miligramu 45 kwa siku. Chungwa moja latosha. Pera moja lililoiva linapita kiasi hicho. Unga wa mahindi na samaki kavu havitoshi hata kidogo.

2. Kwa nini tumbo halikupungua?

Vitamini C haiyeyushi mafuta ya tumbo. Mafuta hayo ni akiba ya chakula kilichozidi kazi ya mwili. Mutu akila bukari nyingi, mikate ya kukaanga, sukari na pombe kupita nguvu anazotumia, mwili unaweka akiba, na sehemu yake huwekwa tumboni. Chupa ndogo ya limonadi ya sukari, ya sentilita 30, ina sukari karibu gramu 30. Mafuta mengi ya tumbo huleta ugonjwa wa sukari, wa moyo, na damu kupanda.

Basi mutu aweza kushiba na kukosa pamoja: amezidisha nguvu, amepungukiwa vitamini.

3. Kipimo cha kamba

Kata kamba yenye urefu wako toka kichwa mpaka kisigino. Ikunje katikati. Sasa izungushe tumboni, juu kidogo ya kitovu, bila kuvuta pumzi ndani. Ncha zikikutana, ni vema. Zisipokutana, tumbo limezidi.

Kipimo hiki si cha mama mwenye mimba, wala cha watoto wadogo. Mutoto mwenye tumbo kubwa na mikono membamba hakunenepa. Mupelekeni hospitali upesi.

4. Shamba na chungu

Sombe ni mboga nzuri, lakini mbichi ina sumu. Lazima itwangwe na kupikwa sana. Vitamini C nayo huharibika kwa moto mwingi, na huyeyuka katika maji. Kwa hiyo usitegemee sombe peke yake. Fanya hivi:

Panda karibu na nyumba mupera, mupapai, muchungwa na mulimau. Hawaivi wote mwezi mumoja, na hiyo ndiyo faida.

Panda lenga-lenga, matembele, nyanya na pilipili karibu na maji, upate mboga wakati wa jua pia.

Osha mboga kabla ya kuzikata. Zipike kwa maji machache, muda mufupi, chungu kikifunikwa. Maji yake usiyamwage.

Katika sahani, punguza bukari, ongeza mboga na maharagi. Kunywa maji pahali pa limonadi na pombe. Kula tunda lenyewe. Usilikamue na kulitia sukari.

Baba mukubwa alifanya hivyo, na kila asubuhi alilima bustani yake. Tumbo lilipungua polepole, kwa miezi, si kwa siku. Yule anayekuuzia dawa ya kuyeyusha tumbo kwa juma moja anataka feza zako tu.

Msiseme tena juu ya mutu: «Ana tumbo, basi anakula vizuri.» Tazameni sahani yake kwanza.

Maulizo

1. Fizi zinazotoka damu zaweza kuonyesha ukosefu wa nini?
2. Kwa nini sombe peke yake haitoshi?
3. Machungwa yaliponya nini kwa baba mukubwa, na nini kilipunguza tumbo lake?
4. Nyumbani kwako kuna miti mingapi ya matunda? Mwaka huu utapanda upi?