Umetoka Gerezani, Unatafuta Chumba Kimara

Kijitabu kwa mpangaji, ndugu zake na mwenye nyumba

Tarehe 9 Desemba 2017, kwenye sherehe za Uhuru Dodoma, Rais John Magufuli alitangaza msamaha kwa wafungwa 8,157. Kati yao, 1,828 walitakiwa kutoka siku hiyo hiyo. Waliobaki walipunguziwa vifungo. Miaka miwili baadaye, sherehe zilipofanyika Mwanza, alisamehe wengine 5,533. Msamaha unafungua geti. Chumba mtu anajitafutia.

Na hata pasipo msamaha, watu wanamaliza vifungo vyao Ukonga, Keko na Segerea mwaka mzima. Wengine wanapokelewa na dada au shangazi aliyepanga Kimara, Dar es Salaam, wanalala sebuleni wiki mbili tatu, kisha shemeji anaanza kununa. Hapo ndipo safari ya kutafuta chumba inapoanza, na kijitabu hiki kimeandikwa kwa ajili ya siku hizo.

Rekodi yako iko wapi

Kule Marekani mwenye nyumba hulipia kampuni imchunguze mwombaji kwenye kumbukumbu za mahakama, na jibu linakuja kabla chai haijapoa. Kimara hakuna kitu hicho. Hati ya polisi inayotolewa baada ya kupigwa alama za vidole huombwa zaidi na waajiri na balozi. Mama mwenye nyumba wa Kimara Golani hatakuuliza hati hiyo. Kwetu rekodi inakaa midomoni mwa watu: dalali mliyekua naye, muuza genge, jirani aliyesimama barazani siku difenda ilipokuja kukuchukua.

Ubaya wake ni kwamba haina tarehe ya mwisho, wala hakuna karani wa kumwendea aisahihishe. Mtu aliyefungwa miezi mitatu kwa ugomvi wa kilabuni anaweza kusimuliwa kama jambazi. Aliyekaa mahabusu mwaka mzima, kesi ikafutwa, anaitwa mfungwa vilevile, ingawa Katiba, Ibara ya 13, inasema mtu asitendewe kama mkosaji mpaka ithibitike kuwa ana hatia. Kama wewe ni wa kundi hili la pili, sema hivyo waziwazi na bila kuona haya: hukuhukumiwa.

Lakini mdomo uleule unaweza kukusemea vizuri. Kwa hiyo kabla ya kutafuta chumba, tafuta mtu.

Mtu wa kukusemea

Mwenye nyumba wa huku hapangishi karatasi, anapangisha mtu aliyeletwa na mtu. Ukija na dalali peke yake, umekuja na mgeni mwenzio. Ukija na mtu ambaye yeye mwenyewe anaweza kumpigia simu usiku, mazungumzo yanakuwa mengine kabisa.

Mtu huyo anaweza kuwa kiongozi wa kanisa au msikiti, fundi anayekupa kibarua, au ndugu mwenye jina zuri mtaani. Anaweza kuwa mjumbe wa shina, ambaye kwa karatasi ni kiongozi wa chama tu, lakini ndiye anayejua nani amelala wapi. Mweleze ukweli wote: kosa, kifungo, ulivyotoka. Usimpe nusu. Akija kusikia nusu iliyobaki kwa mwingine, umempoteza, na mwenye nyumba umempoteza pamoja naye.

Kama umetoka kwa parole, au unatumikia adhabu nje chini ya uangalizi, unaye ofisa anayekusimamia. Zungumza naye kabla ya kuhama, maana makazi yako yanamhusu. Watu wengi wanamkwepa ofisa huyu kana kwamba bado ni askari wa zamu. Ni kosa: katika ofisi zote za serikali, huenda ndiye pekee ambaye kazi yake inakwenda vizuri pale wewe unapopata pa kukaa.

Vitambulisho navyo vishughulikie mapema. Tunza karatasi ya kuachiliwa. Namba ya NIDA utaihitaji hata kwenye laini ya simu, kwa sababu laini inasajiliwa kwa alama za vidole, na bila laini huna pa kupokelea pesa wala kulipia kodi. Ofisi ya serikali ya mtaa ndiyo inayotoa barua ya utambulisho. Nenda kwa mtendaji asubuhi, umevaa vizuri, umefuatana na mtu wako. Kimara iko Manispaa ya Ubungo tangu 2016. Ukiona hati ya zamani imeandikwa Kinondoni usishtuke, lakini huduma zako zitafute Ubungo.

Jambo moja zito. Kama uliyemkosea, au familia yake, bado anaishi mtaa uliokaa zamani, usirudi pale. Dar es Salaam ni kubwa.

Hesabu ya kodi

Tuseme ukweli: wengi wanaokataliwa chumba hawakataliwi kwa sababu ya gereza. Wanakataliwa kwa sababu ya kodi ya miezi sita inayotakiwa kwa mkupuo. Chukua chumba cha shilingi 60,000 kwa mwezi. Miezi sita ni 360,000, dalali anataka ya mwezi mmoja, jumla 420,000, kabla hujanunua godoro. Na anayedaiwa hizo ni mtu aliyetoka jana.

Sheria haitakuokoa hapa. Ile ya mwaka 1984 iliyokuwa ikidhibiti kodi za nyumba ilifutwa mwaka 2005, na tangu hapo bei na muda wa kulipa ni makubaliano ya watu wawili. Kwa upande mwingine, makubaliano yanabadilika. Mwenye nyumba ambaye chumba chake kimekaa kitupu mwezi wa pili husikiliza habari ya miezi mitatu, au hata mwezi kwa mwezi, hasa akiwa anaishi humo humo na anakuona kila siku. Nyumba za namna hiyo, vyumba vya uani, choo cha pamoja, mita moja ya LUKU mnayochangia, hazifiki kwa madalali wengi. Zinatangazwa kwa mdomo gengeni, saluni na kwa waendesha boda. Huko ndiko utafute.

Bei inapungua kadiri unavyoiacha Barabara ya Morogoro. Karibu na kituo cha mwendokasi Kimara Mwisho utalipia ukaribu. Ukiingia ndani Saranga au King'ong'o, au ukivuka kuelekea Bonyokwa ambako ni Ilala, unapata nafuu. Ila piga hesabu yote. Kimara ni vilima na mabonde. Juu, uliza maji yanatoka siku ngapi kwa wiki, kwa sababu chumba cha bei poa ambacho kila ndoo unainunua si cha bei poa. Bondeni, angalia ukutani kama kuna alama ya mafuriko, na muulize mpangaji mwingine, usimuulize dalali. Kisha jumlisha nauli ya boda hadi barabarani, kwenda na kurudi.

Chumba cha kugawana na mwenzako ni njia nzuri ya kuanzia. Chagua mwenza kwa makini. Mliyefungwa naye anaweza kuwa rafiki wa kweli, lakini wawili mliotoka pamoja, kwenye chumba kimoja, mtaa utawaangalia kwa jicho moja.

Ukiulizwa

Hatukushauri utangaze historia yako kwa kila dalali. Dalali anauza vyumba na anauza habari. Wala hatukushauri kudanganya. Mwenye nyumba akikuuliza mwenyewe, au ukijua kwa hakika kwamba atasikia, mwambie wewe kwanza, kwa maneno machache. Kwa mfano:

“Shikamoo mama. Kabla hatujaandikiana, kuna jambo nataka ulisikie kwangu. Nilifungwa miaka miwili, kosa la wizi. Nimemaliza mwaka jana. Sasa nafanya kazi gereji pale Kimara Korogwe, na fundi wangu huyu hapa. Kodi ya miezi mitatu ninayo. Ukikubali nitashukuru, ukikataa sitalaumu.”

Kisha nyamaza. Usianze kusimulia nani alikusingizia na hakimu alivyokuonea, hata kama ni kweli. Hapo mama anapima kama utamletea polisi nyumbani, na maelezo marefu yanamwongezea wasiwasi.

Akikataa, ondoka kwa heshima. Katiba inakataza ubaguzi, na Ibara ya 17 inampa raia haki ya kuishi sehemu yoyote ya nchi, lakini chumba ni chake, na ugomvi mlangoni unafika mtaa wa pili kabla yako.

Maandishi na matapeli

Mkataba wa mwaka mmoja au pungufu unaweza kuwa wa mdomo. Wewe chukua wa maandishi. Mtu ambaye neno lake linatiliwa shaka ndiye anayehitaji karatasi kuliko wote: majina, kodi, tarehe, nani analipa umeme na maji, sahihi, na shahidi wa kila upande. Lipa kwa simu, uhifadhi ujumbe. Ukilipa taslimu, dai risiti hata ya daftari. Usilipe kabla hujaongea na wapangaji waliomo, kwa sababu wapo wanaopangisha chumba kimoja kwa watu watatu. Na laini yako mpya itapokea ujumbe wa “mimi mwenye nyumba wako, ile kodi tuma namba hii”. Ulikuwa ndani wakati mchezo huo unakomaa, sasa unaujua.

Kwa mwenye nyumba

Hofu yako tunaielewa, hasa kama una watoto ndani. Uliza unachohitaji kujua: kazi yake, anayemfahamu, atalipaje. Unaweza kuanza na miezi mitatu ya kutazamana. Kumpandishia kodi kwa kuwa “hana pa kwenda” ni unyang'anyi wa kistaarabu. Na alichokuambia kibaki kwako: Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 inazihesabu taarifa za makosa kuwa taarifa nyeti, kwa hiyo usizipeleke kwenye kundi la WhatsApp la mtaa.

Ukitakiwa kuhama

Siku simu ya mpangaji mwenzako itakapoibwa, macho yatakugeukia wewe. Usibishane uani. Nenda kwa mjumbe au ofisi ya mtaa mwenyewe, kabla hujaitwa.

Mwenye nyumba akitaka uondoke, anapaswa kukupa notisi. Kwa anayelipa mwezi kwa mwezi, notisi isipungue mwezi mmoja. Kufunga mlango kwa kufuli lake, kutoa vyombo nje au kung'oa bati si njia ya kisheria, uwe ulifungwa au hukufungwa. Piga picha vyombo na mlango, uite shahidi, uende kwa mtendaji wa mtaa siku hiyo hiyo. Baraza la Kata litawasuluhisha. Tangu mabadiliko ya sheria ya 2021 halitoi tena hukumu kwenye migogoro ya aina hii, kwa hiyo usuluhishi ukishindikana omba cheti chao na uende Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Huna wakili? Kituo cha Sheria na Haki za Binadamu kinatoa msaada wa kisheria bure, na ofisi ya ustawi wa jamii ya manispaa inaweza kukuelekeza kwa wasaidizi wa kisheria waliosajiliwa chini ya Sheria ya Msaada wa Kisheria ya 2017. Nenda na mkataba, ujumbe wa malipo na ile karatasi ya kuachiliwa, nakala mbili mbili, na halisi ubaki nazo wewe.