Mfundishe muuzaji wako akiwa mtaani, sauti ya dakika moja inatosha

Leo naongea na wewe unayeuza mtandaoni na una mtu anayekuzungushia mzigo mtaani, hata kama ni mmoja tu.

Mimi nina mabinti wawili wanaopeleka mabegi na pochi kwenye maofisi na saluni za Sinza na Mwenge. Mwaka jana mmoja alikutana na mteja aliyechukua mabegi mawili, 90,000 nzima. Mteja akamwonyesha meseji ya malipo kwenye simu yake. Binti alinipigia, sikupokea, akaachia mzigo. Hela haijaingia mpaka leo.

Nilishapanga kumkata mshahara. Akaniambia, "Kaka, hukuwahi kuniambia nisubiri mpaka iingie kwako."

Nikakosa la kujibu. Siku ya kwanza nilimpa mzigo, bei na nauli, basi. Somo pekee nililowahi kumtumia ni video ya dakika 12 ya mambo ya mauzo. Hakuifungua, ingemaliza bando lake. Sikumkata. Nikabadilisha namna ya kufundisha, na hivi ndivyo tunavyofanya sasa:

1. Somo moja, sauti moja. Asubuhi natuma sauti WhatsApp, isizidi dakika moja. Mfano: "Leo mteja akisema bei kubwa, usikimbilie kupunguza. Mpe begi, avute zipu mwenyewe mara tatu, ndo uongee bei." Sauti inakula bando kidogo kuliko video, na anaisikiliza kwenye daladala.

2. Na yeye arudishe. Akitoka kwa mteja mgumu, anakaa pembeni ananitumia sauti: mteja kasema nini, yeye kajibu nini. Namjibu siku hiyohiyo, bado anakumbuka. Hapa hata mimi nimejifunza. Wateja walikuwa wanauliza kama begi linafulika, sikuwa najua. Nikafua moja, nikapiga picha kabla na baada, nikawatumia. Sasa wanaonyesha picha badala ya kubishana.

3. Grupu la masomo liwe la masomo tu. Salamu na vichekesho viende kwingine. Sauti nzuri aibonyeze na kuishikilia, aiwekee nyota, ataipata haraka akiwa mbele ya mteja. Picha ya bei iwe moja, ukibadilisha bei futa ya zamani.

4. Usimkemee mtu kwenye grupu. Kosa lake muongee inbox. Kwenye grupu weka funzo bila jina. Ukimwaibisha, siku nyingine akikosea atakuficha, na wewe utakuja kujua hela ikishapotea.

5. Bando lipa wewe. Ni gharama ya biashara kama nauli. Pia mzimie kwenye mipangilio video zisijipakue zenyewe. Kama ana kitochi, mpigie dakika mbili asubuhi, somo ni lilelile.

Na sheria ya malipo, hii ndiyo waliyoikariri: meseji ya kwenye simu ya mteja siyo hela. Naangalia salio langu, ndo naandika "imeingia". Nisipojibu, mzigo unarudi dukani. Kwa hiyo na mimi lazima nipokee simu. Kosa la siku ile nusu lilikuwa langu.

Miezi miwili iliyopita yuleyule binti alionyeshwa tena meseji. Akasema kwa upole, "Samahani kaka, nasubiri bosi athibitishe." Mteja akadai kasahau kitu kwenye gari, anakuja. Hakurudi, na begi lilibaki mkononi kwa binti.

Kabla hujamkata muuzaji wako mshahara, jiulize kwanza: hilo alilokosea, nilimfundisha lini?

Kesho asubuhi anza na sauti moja tu. Tuko pamoja.