Elimu Iliyo Mkononi na Elimu Iliyo Kichwani

Siku hizi husikika vijana wakisema: "Ya nini kujisumbua kuhifadhi, hali kila kitu kimo ndani ya simu?" Neno hili lastahili kujibiwa kwa dalili, wala si kwa hasira, kwani simu na kompyuta zimewafikishia vitabu watu wengi ambao hawakuwa na njia ya kuvipata.

Kwanza tutazame kumbukumbu. Mwaka 2011 wataalamu Betsy Sparrow, Jenny Liu na Daniel Wegner walitangaza majaribio yao katika jarida la Science la Marekani. Watu walipewa habari fupi fupi waziandike katika kompyuta. Baadhi yao waliambiwa kwamba maandishi yatahifadhiwa, wengine kwamba yatafutwa. Walipoulizwa baadaye, walioamini kwamba yatafutwa ndio waliokumbuka zaidi. Akili huuweka chini mzigo ikiona yupo mchukuzi mwingine.

Pili tutazame kufikiri. Mwaka 2023 huko Uturuki, wanafunzi wa sekondari wapatao elfu moja walijaribiwa katika hisabati. Kundi moja liliruhusiwa kuiuliza programu ya GPT-4, na katika mazoezi alama zao zilizidi za wenzao kwa asilimia 48. Lakini walipofanya mtihani bila chombo hicho, walipata alama pungufu kwa asilimia 17 kuliko wale ambao hawakukitumia kamwe. Na la kuogofya zaidi, wenyewe hawakudhani kwamba wamejifunza kidogo.

Huenda msomaji akauliza: Je, tuvitupe vyombo hivi? La, hasha! Katika jaribio hilo hilo, kundi jingine lilipewa programu iliyoandaliwa kwa msaada wa walimu, itoe vidokezo bila kutoa jibu lenyewe. Hao walifanya mazoezi vizuri zaidi, na katika mtihani hasara ile ikaondoka karibu yote. Basi kosa halimo katika chombo, bali katika kulipokea jibu kabla ya kulitafuta.

Kwa hiyo mwenye kutafuta elimu, iwe ya dini au ya dunia, imempasa kushika mambo matatu. Ajaribu swali mwenyewe kwa kalamu na karatasi, ndipo atazame jibu. Akiisha kusoma, aifunge simu au kitabu, ayaeleze aliyoyasoma kwa maneno yake mwenyewe. Tena adai dalili ya kila jibu apewalo, maana programu hizi huweza kukosea kwa lugha fasaha kabisa.

Ndugu msomaji, iko siku jirani yako atakuuliza kwa nini unaamini unayoyaamini. Ukimsomea jibu ambalo hukulipima, akakuuliza swali la pili, utasema nini? Mtegemea cha nduguye hufa maskini.