Msimbo Huria, Watu Wasio Huru: Migogoro ya Kimataifa na Ushirikiano wa Waundaji wa Programu

Utangulizi

Kiswahili kimejaliwa utajiri ambao Kiingereza kimeukosa. Katika lugha hiyo ya kigeni, neno moja hubeba maana ya kitu kisicholipiwa na pia maana ya kitu kisichofungwa. Kwa sababu hiyo Richard Stallman, aliyeasisi Wakfu wa Programu Huria nchini Marekani mwaka 1985, amelazimika kueleza kwa miaka mingi kwamba anazungumzia uhuru wala si bei. Mswahili hana shida hiyo. Anayo maneno matatu: bure, huru na huria. La tatu, kama linavyotumika katika 'soko huria' au 'chuo kikuu huria', hudokeza mlango ambao yeyote aweza kuupita bila kuombewa ruhusa.

Programu huria, basi, ni ile ambayo msimbo wake, yaani maandishi ya maagizo yanayoiongoza tarakilishi, umewekwa wazi ili yeyote ausome, aunakili, aurekebishe na kuusambaza. Leseni zake hazimbagui mtu kwa uraia wake wala kwa kazi anayokusudia kuifanya. Makala haya yanashikilia kwamba uhuria huo ni sifa ya maandishi, si sifa ya jamii ya watu wanaoyaandika. Serikali zinapofarakana, msimbo husalia mahali pake; wanaotenganishwa ni waandishi.

Kitabu kilichovuka mpaka

Yafaa ieleweke kuwa ugomvi baina ya dola na msimbo haukuanza jana. Mwaka 1991 Mmarekani Phil Zimmermann alitoa programu iitwayo PGP, ambayo humwezesha mtu wa kawaida kuuficha ujumbe wake usisomwe na asiyehusika. Wakati huo sheria za Marekani ziliuweka usimbaji fiche wenye nguvu katika orodha moja na silaha za kivita, na kuupeleka nje bila kibali lilikuwa kosa. PGP ilipoenea ughaibuni kupitia mtandao, Zimmermann alianza kuchunguzwa mwaka 1993. Uchunguzi ulifungwa mwaka 1996 bila yeye kushtakiwa.

La kumvutia mwanafunzi wa fasihi ni hila iliyotumika katikati ya kadhia hiyo. Mwaka 1995 shirika la uchapishaji la MIT Press lilichapa msimbo wa PGP katika kitabu. Programu iliyo ndani ya kisahani ilihesabiwa kuwa silaha, ilhali maneno yale yale yakiwa juu ya karatasi yalikuwa kitabu, na kitabu kilikuwa na haki ya kusafiri. Matoleo yaliyofuata yalipelekwa Ulaya yakiwa kurasa zilizochapwa, yakasomwa kwa skana na kurudishwa katika tarakilishi. Katika muongo uo huo, mwanahisabati Daniel Bernstein aliishtaki serikali ya Marekani, na mwaka 1996 jaji wa mahakama ya shirikisho huko California akaamua kuwa msimbo ni usemi unaolindwa na katiba kama usemi mwingine wowote. Ushindi huo ulikuwa mkubwa. Hata hivyo, ulikuwa ushindi wa maandishi tu.

Nyumba na mwenye nyumba

Programu za leo haziandikwi na mtu mmoja chumbani mwake. Huandikwa na maelfu walio katika nchi mbalimbali, na kazi yao huhifadhiwa katika hazina za pamoja. Hazina hizo, licha ya kuitwa za ulimwengu, zina anwani. GitHub, iliyo maarufu kuliko zote, ni kampuni ya Marekani iliyoanzishwa mwaka 2008 na kununuliwa na Microsoft mwaka 2018 kwa dola bilioni 7.5. Mnamo Julai 2019 kampuni hiyo, ikitii vikwazo vya Marekani, ilizibana akaunti za waundaji wa programu walioko Iran, Syria na Crimea. Hazina za wazi ziliendelea kusomeka, bali zile za faragha zilifungwa, na baadhi ya wenyewe hawakupewa hata fursa ya kuhamisha kazi yao. Iran ilirejeshewa huduma kamili Januari 2021, baada ya GitHub kupata kibali cha Wizara ya Fedha ya Marekani. Mwandishi wa msimbo jijini Tehran alihitaji ruhusa ya ofisi iliyoko Washington ili afungue daftari lake mwenyewe!

Lingekuwa kosa kudhani kuwa ni Marekani pekee yenye mkono mrefu. Mei 2022 hazina ya Kichina iitwayo Gitee ilizifunga ghafla kazi zilizokuwa wazi, ikaagiza zikaguliwe kwanza kabla ya kufunguliwa tena. Penye nyumba pana mwenye nyumba.

Majina yaliyofutwa

Mfano ulio mzito zaidi ni ule wa Linux, mfumo ulioanzishwa mwaka 1991 na Linus Torvalds, wakati huo mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Helsinki, Ufini. Kiini chake kina zaidi ya mistari milioni 30 ya msimbo. Ndani yake mna faili inayoorodhesha watunzaji: fulani ana dhamana ya sehemu hii, fulani ya ile. Jina kuwa katika orodha hiyo si pambo. Maana yake ni kwamba marekebisho hupitia mikononi mwako na neno lako husikilizwa.

Urusi ilipoivamia Ukraine Februari 2022, vikwazo vya nchi za Magharibi viliongezeka, na athari yake ikaingia polepole. Machi 2023 marekebisho yaliyotoka kwa mfanyakazi wa Baikal Electronics, kampuni ya Kirusi inayosanifu vichakato, yalikataliwa na mtunzaji wa sehemu ya mtandao kwa sababu ya mahali yalikotoka. Kisha Oktoba 2024 Greg Kroah-Hartman, mmoja wa viongozi wa mradi, akayaondoa katika orodha ya watunzaji takribani majina kumi, mengi yakiwa na baruapepe za Kirusi.

Maelezo aliyoyaambatisha ni mafupi mno, na yanastahili kusomwa kwa jicho la mhakiki. Yanasema kwamba majina yameondolewa kutokana na matakwa mbalimbali ya kisheria, na kwamba wahusika wanaweza kurudi iwapo nyaraka za kutosha zitatolewa. Hakuna nchi inayotajwa. Hakuna sheria inayotajwa. Vita havitajwi. Isitoshe, kitenzi cha mwisho kimewekwa katika kauli ya kutendwa pasipo mtenda: nyaraka gani, zitolewe na nani, zikabidhiwe nani? Watu waliokuwa wamezoea kuulizwa sababu ya kila mstari wanaouandika walipewa mistari miwili isiyo na sababu.

Torvalds alipolalamikiwa, alijibu kwa ukali kuwa uamuzi haungebatilishwa, na akawakumbusha walalamishi kuwa yeye ni Mfini, hivyo wasitarajie aunge mkono uvamizi wa Urusi. Baadaye James Bottomley, mtunzaji mwingine, alitoa ufafanuzi uliopaswa kutangulia: anayeajiriwa na kampuni iliyo katika orodha za vikwazo za Marekani, au inayomilikiwa na kampuni kama hiyo, hawezi kubaki katika orodha ya watunzaji.

Kauli hizo mbili hazilingani. Ya Bottomley inahusu mwajiri na sheria. Ya Torvalds inahusu taifa na historia yake. Viongozi wa mradi ulio chini ya sheria za Marekani huenda hawakuwa na hiari juu ya vikwazo vyenyewe, na dhuluma wanayotendewa Waukraine si jambo la kupuuzwa. Hiari waliyokuwa nayo ilikuwa juu ya namna ya kusema, na hapo ndipo walipoteleza. Ushirikiano wa watu wasioonana uso kwa uso umejengwa juu ya imani kwamba kazi hupimwa kwa ubora wake na kwamba atakayekataliwa ataambiwa kwa nini.

Imani hiyo huvunjwa na watu binafsi pia. Machi 2022 mwandishi wa node-ipc, kijisehemu kinachotumiwa ndani ya programu nyingine nyingi, aliingiza humo msimbo wa kufuta faili za tarakilishi zilizoonekana kuwa Urusi au Belarusi. Alidai kupinga vita. Anwani ya mtandao, hata hivyo, haimtofautishi anayeshabikia vita na anayeipinga.

Baada ya tukio la Linux, wizara ya Urusi inayosimamia masuala ya dijitali ilitangaza nia ya kuunda jamii yake ya Linux pamoja na nchi zitakazokubali kushirikiana nayo. Leseni inairuhusu. Waafrika Mashariki wana sababu ya kulifuatilia jambo hili: mwaka 2004 mradi wa Kilinux wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi inayozungumza Kiswahili, kwa kuwa msimbo wake ulikuwa wazi kwa wafasiri. Ruhusa ya kunakili ingalipo kwa Mrusi, kwa Mwirani na kwa Mswahili. Kisichonakilika ni mwenzako wa Helsinki au Moscow anayekusomea kazi usiku na kukuonyesha ulipokosea.

Kuhusu watunzaji walioondolewa, msimbo waliouandika haukuguswa. Ungali ndani ya kiini cha Linux, ukiendesha mashine hata katika nchi zilizowawekea vikwazo waajiri wao, na historia ya mradi bado inaonyesha nani aliandika nini.