Mafuta ya Njiani na Mafuta ya Mjini: Somo kwa Mkulima Apelekaye Mazao Mombasa

Ukimwuliza mwenye pikapu gari lake linakwenda kilometa ngapi kwa lita moja, mara nyingi atakujibu kwa tarakimu moja tu: kumi, au kumi na mbili. Jibu hilo halikukamilika. Kila gari lina tarakimu mbili, moja ya njia kuu na moja ya mjini, na mkulima asiyezijua zote mbili hukadiria gharama ya safari kwa ile iliyo nzuri, kisha hushangaa fedha za nyanya zimekwenda wapi. Mwezi huu tutalitazama jambo hili kwa kufuata njia ambayo wakulima wa Taita wanaijua sana: kutoka Voi, kupita Maungu, Mackinnon Road, Mariakani, Mazeras na Changamwe, hadi kuvuka Makupa na kuingia kisiwani Mombasa.

Kutoka Voi hadi Changamwe ni kilometa 150 hivi. Gari likishapata mwendo wake hukaa katika gia ya juu, na dereva hana kazi kubwa ila kushika usukani. Lakini kutoka Changamwe, kuvuka Makupa, kukata kisiwa, kupita daraja la Nyali mpaka soko la Kongowea, ni kilometa 10 tu au zaidi kidogo, na humo ndimo gari husimama na kuondoka, kusimama na kuondoka, tangu malori ya bandarini mpaka matatu zinazopakia watu. Mwaka 2022 daraja jipya lilifunguliwa Makupa mahali pa tuta la zamani, nalo ni jambo jema. Hata hivyo, anayefika raundabauti ya Makupa saa mbili ya asubuhi bado atangoja zamu yake pamoja na wanaotoka Mwembe Tayari na Tudor.

Yafaa tujue mafuta yanakwenda wapi, maana sababu ya njiani si ile ya mjini.

Njiani adui ni hewa. Gari likikimbia hulazimika kuisukuma hewa iliyo mbele yake, na ukizidisha mwendo mara mbili, ukinzani wa hewa huongezeka mara nne. Ukitoka kilometa 80 kwa saa ukaenda 100, ukinzani huo huongezeka kwa zaidi ya nusu. Kreti zilizopangwa kupita kimo cha kichwa cha gari, au turubai lisilofungwa vizuri likawa linapiga kama tanga, huongeza hasara hiyo hiyo. Sheria ya Kenya yaliwekea gari la mizigo mwisho wa kilometa 80 kwa saa. Anayeifuata huokoa mafuta pamoja na roho yake.

Mjini adui ni breki. Kila mara unapoondoa gari zito hulipa mafuta ili kulipatia mwendo, na kila mara unapokanyaga breki mwendo ule ulioununua hugeuka kuwa joto la magurudumu na kupotea. Chukua pikapu ya dizeli yenye uzito wa kilo 2,500 pamoja na mzigo. Kuitoa katika kusimama mpaka mwendo wa kilometa 50 kwa saa kunahitaji kama mililita 25 za dizeli, yaani nusu ya kile kikombe kidogo cha kahawa chungu. Ni kidogo, utasema. Lakini fanya hivyo mara 40 na lita moja imekwisha. Tena, hapo hatujahesabu injini inayonguruma bure gari likiwa limesimama: injini ya gari dogo hutumia kama nusu lita hadi lita nzima kwa saa bila kukusogeza hata hatua moja.

Basi magari hayateswi na mji kwa kadiri moja. Tuanze na magari madogo ambayo yamepimwa rasmi. Serikali ya Marekani huandika tarakimu mbili kwa kila gari jipya, moja ya mjini na moja ya njia kuu. Toyota Corolla ya mwaka 2010 yenye gia za kujiendesha iliandikiwa maili 26 kwa galoni mjini na 34 njiani. Angalia vizuri: galoni ya Marekani ni lita 3.8 hivi, wala si lita 4.5 za ile galoni ya Kiingereza waliyoizoea wazee wetu. Kwa vipimo vyetu, hiyo ni kama kilometa 11 kwa lita mjini na 14 na nusu njiani. Mji umekula karibu robo.

Sasa litazame Toyota Prius la mwaka huo huo, ambalo ni gari la haibridi, yaani lina injini ya petroli pamoja na mota ya umeme. Liliandikiwa maili 51 mjini na 48 njiani. Hapa mambo yamegeuka, mji umekuwa nafuu kuliko njia kuu! Sababu yake ni ile ile tuliyoieleza: dereva akipunguza mwendo, mota hurudisha sehemu ya nguvu ndani ya betri badala ya kuiacha yote ipotee kwenye breki, na gari likisimama injini huzimika yenyewe. Kwa teksi ya Mombasa hiyo ni faida kubwa. Kwa mtu wa kupanda milima ya Wundanyi na kreti za nyanya, sisi hatumshauri alinunue kwa sababu ya tarakimu hizo tu. Halikuundwa kwa mizigo, na betri yake ikichoka ni gharama nzito.

Magari mengi yaliyotumika yanayoletwa Kenya hutoka Japani, na karatasi zake mara nyingi huonyesha tarakimu moja tu, iliyopatikana ndani ya chumba cha kupimia gari likiwa halina mzigo. Usiiamini sana. Katika magari ya Kijapani ya tangu mwaka 2018 hivi utakuta tarakimu tatu zaidi: ya mjini, ya viungani na ya njia kuu. Ukipewa karatasi ya namna hiyo, itazame ile ya mjini kwanza.

Injini ya dizeli huvumilia mji kuliko ya petroli, kwa kuwa haipotezi sana inapofanya kazi nyepesi au inaponguruma bila kwenda. Pikipiki nayo haiumizwi sana, kwa wepesi wake, ila mzigo wake ni gunia moja au mawili.

Hata hivyo mkulima hauzi kilometa. Anauza nyanya. Kwa hiyo gari linaloshinda kwa kilometa kwa lita huenda likashindwa kwa hesabu ya mzigo. Tuseme safari ya kwenda na kurudi ni kilometa 300 za njia kuu na 24 za mjini, na tutumie tarakimu hizi za kujifunzia. Gari dogo la Probox, ambalo liliundwa kubeba kilo 400, linakwenda kilometa 15 kwa lita njiani na 10 mjini: lita 20 na lita 2.4, jumla lita 22.4. Pikapu ya kubeba kilo 1,000 inakwenda 12 njiani na 8 mjini: lita 25 na lita 3, jumla 28. Lori la tani tatu linakwenda 6 njiani na 4 mjini: lita 50 na lita 6, jumla 56. Ukigawa kwa mzigo, kila kilo 100 katika Probox zimetumia lita 5.6, katika pikapu lita 2.8, na katika lori hazifiki lita 1.9. Lile lililoonekana mlafi ndilo lililokula kidogo.

Lakini lori hilo likienda na kilo 1,000 tu, halimshindi mtu yeyote. Kila kilo 100 zitatumia zaidi ya lita 5. Ndiyo maana majirani watatu wenye mavuno ya siku moja hawana sababu ya kupeleka magari matatu. Wala lori lisitumwe kuzunguka mjini kugawa kreti tano Majengo, tano Marikiti na kumi Mwembe Tayari. Lishushe mahali pamoja, kisha mwite mtu wa mkokoteni au wa tuktuk. Mkokoteni haunywi dizeli.

Sasa, gari lako wewe linakula kiasi gani? Hakuna karatasi itakayokujibu vizuri kuliko kipimo chako mwenyewe. Jaza tangi Voi mpaka bomba la pampu likatike lenyewe, nawe usiongeze tone. Andika kilometa. Ukifika Changamwe jaza tena kwa namna ile ile na uandike lita zilizoingia. Gawa kilometa kwa lita, utapata tarakimu ya njiani. Lakini kumbuka Voi iko juu ya bahari kwa zaidi ya meta 500, hivyo unaposhuka kilima kinakusaidia, na unaporudi kinakudai. Pima kwenda na kurudi, ujumlishe.

Kipimo cha mjini kina hila yake, na wengi hukosea hapa. Kilometa za mjini ni chache, na kosa la nusu lita kwenye pampu laweza kuharibu hesabu yote. Jaza Changamwe unapoingia, jaza tena hapo hapo kwenye pampu ile ile unapotoka, uandike lita na kilometa, wala usigawe siku hiyo. Ngoja safari tano au sita. Jumlisha kilometa zote, jumlisha lita zote, ndipo ugawe.

Ukiwa na tarakimu zako mbili utajua pia thamani ya saa. Anayevuka Makupa saa kumi na moja ya alfajiri na anayevuka saa mbili wamekwenda njia moja, lakini daftari lao halitafanana. Penye foleni, acha nafasi mbele yako ili gari litambae polepole badala ya kuruka na kusimama. Mkulima wa Kwale anayengoja kivuko cha Likoni na azime injini mpaka foleni isogee. Na kabla ya kurudi nyumbani, jaza tangi Mombasa: bei za juu kabisa za mafuta hutangazwa kila mwezi kwa kila mji, na kwa kuwa mafuta hushushwa bandarini hapo, kwa kawaida bei ya Mombasa huwa chini kuliko ya Voi.