Mashine ikiandika presha, muuguzi abaki na nini?

Swali: Mimi ni muuguzi wa idara ya dharura. Hospitali yetu inataka mashine zipeleke presha, mapigo ya moyo na oksijeni moja kwa moja kwenye faili la mgonjwa katika kompyuta. Tuache kabisa kuandika kwa mkono?

Jibu: Zipokeeni. Namba iliyoandikwa kiganjani saa nne na kunakiliwa saa sita haimsaidii mgonjwa aliyezidiwa saa tano. Ila utepe wa jina ulio mkononi mwa mgonjwa usomwe kwanza: kitanda kimoja hulaza wagonjwa kadhaa kwa zamu moja, na mashine haijui nani amelala.

Upumuaji hesabuni wenyewe dakika nzima, mkitazama kifua. Mara nyingi ndio hubadilika mapema mgonjwa anapozidiwa, na mashine huukosea akijitikisa. Oksijeni nayo ina lake. Kidole cha baridi au rangi ya kucha huiharibu, na utafiti uliochapishwa Marekani mwaka 2020 ulionyesha kuwa kifaa cha kidoleni huficha upungufu wa oksijeni kwa watu weusi mara nyingi zaidi kuliko kwa weupe. Kikisema 94 huku mgonjwa anahema kwa shida, mwiteni daktari.

Fomu za karatasi msizitupe, umeme hukatika.